Chuma Kilichogongwa Tassia

Musau alikuwa na sharti moja kwa yeyote aliyetaka kufanya kazi naye: ukiwa ndani ya tangi, usinyamaze. Sema lolote. Tukana, omba, taja majina ya watoto wako, simulia mpira wa jana hata kama timu yako ilifungwa. Aliye juu atakujibu. Siku utakayonyamaza, aliye juu hatauliza kwa nini, atavuta kamba.

Ndiyo maana, katika miaka yote ya kusafisha na kuziba matangi ya maji yaliyochimbwa chini ya maghorofa ya Tassia, Pipeline na Kware, hakupata mwenzake aliyemfaa kuliko Tobias Aluoch. Tobias aliwahi kuajiriwa na kaunsili ya jiji, enzi ambazo barabara za mitaa zilifagiwa na watu wakaona zikifagiwa. Alikuwa mnene na mzito wa kutembea, lakini mdomo wake haukujua uchovu. Wengine walishuka wakiwa na vidude vya muziki masikioni. Hao Musau aliwalipa nusu siku akawaambia waende.

Asubuhi hiyo walikuwa kwenye ghorofa la Mureithi, Tassia. Tangi lilikuwa limepata ufa, na maji machafu ya mtaro wa jirani yakawa yanapenya na kuingia katika maji ambayo watu walipikia chai. Lilikuwa tangi refu, lililokatwa katikati na ukuta. Chini ya ukuta huo palikuwa na tundu ambalo mtu aliweza kupita kwa kutambaa tu. Tobias alikuwa amelipita. Alikuwa chumba cha ndani, taa ya betri kichwani, kamba kiunoni, akipaka ile lami nyeusi iliyochanganywa na thina, kile kiyeyusho cha rangi, ambayo harufu yake humtoa mtu machozi hata akiwa nje.

Harufu hiyo ndiyo adui. Ndani ya tangi haipandi. Inatulia chini, inajaa polepole, na mtu hulewa bila kujua kwamba analewa. Kwa hiyo Musau alikuwa ameweka blowa kando ya mdomo wa tangi, feni kubwa ya chuma yenye mota, ikisukuma hewa safi kupitia bomba la turubai hadi miguuni mwa Tobias. Pembeni palikuwa na pampu ndogo ya kutoa maji yaliyoendelea kupenya. Pampu ile ilikuwa na boya: maji yakipanda, boya linainuka, pampu inawaka yenyewe.

"Omera, uko?" sauti ya Tobias ilitoka shimoni, ikimwita ndugu kwa Kijaluo.

"Niko."

"Nilidhani umeenda kutafuta muthokoi."

"Muthokoi ungekufaa wewe, upunguze hilo tumbo."

"Tumbo hili lilijengwa kwa samaki, Musau. Halibomolewi kwa mahindi ya kukobolewa."

Nerima, mama wa kibanda cha mboga langoni, alicheka bila kuinua macho kutoka kwenye sukuma wiki aliyokuwa akikata. "Nyinyi wazee mkitukanana hivyo mkiwa na kazi, mkikosa kazi mnafanya nini?"

"Tunasalimiana," Musau alisema.

Ndipo stima ikapotea. Redio ya kinyozi ng'ambo ikakatika katikati ya tangazo, na blowa ikaanza kupunguza mwendo. Musau hakuwa na wakati wa kupiga kelele. Mara ileile inveta ya Mureithi, mashine ya kutoa umeme wa betri, ikashika. Ilikuwa imefungiwa ndani ya kizimba cha vyuma chini ya ngazi, pamoja na betri zake. Blowa ikanguruma tena.

"Stima imeenda!" aliita. "Tobias, toka nje."

"Blowa si inazunguka? Hewa naipata."

"Inazunguka kwa inveta. Toka."

"Nikitoka sasa, hii rangi ya lami itashika vipande vipande, turudie yote kesho. Nimebakisha kona moja. Niache, mzee."

Musau aliangalia blowa. Asubuhi alikuwa ameijaribu inveta ile kwa makusudi: akawasha blowa kwanza kwa sababu ndiyo kubwa, akangoja ikolee mwendo, kisha akaiacha pampu iwake. Ilikuwa imebeba zote mbili bila kulalamika. Mureithi naye alimhakikishia kwa simu kwamba kitu kingine kilichokuwa kwenye mashine ile ni balbu moja na soketi ya kuchajia simu kwa kila nyumba. Kwa hiyo Musau akamwacha mwenzake amalize kona. Alihesabu mota mbili, zake mwenyewe. Za watu wengine hakuzihesabu, kwa kuwa hazikuonekana.

Laiti ingekuwa zamani, asingehitaji kuziona.

Alipotoka Kitui akiwa kijana, Musau alipata kazi kwenye kinu cha kusaga unga Shauri Moyo. Mota ya kinu kile ilikuwa kubwa kama ndama, na laini ya umeme iliyoilisha ndiyo iliyolisha nyumba zote za safu ile. Msagaji mkuu, mzee Naftaly, alimfundisha kwamba mota iliyolala huamka na njaa. Ikishazunguka, inakula kiasi. Lakini pale inapoanza, pumzi ya kwanza huvuta umeme mara tano, mara sita ya kawaida yake, na wakati huo hakuna kingine kinachopaswa kuwa mezani. Kwa hiyo mlangoni palining'inia kipande cha reli, na kabla ya kuwasha, Naftaly alikigonga. Kina mama walichomoa pasi. Fundi cherehani akainua mguu. Kutoka nyumba hadi nyumba ikasikika, "Tumetoa!" na ya mwisho ilipofika, ndipo Naftaly alipowasha, kinu kikiwa kitupu, bila punje ndani. Kikishakolea ndipo alipomimina mahindi.

Hakuna sheria iliyoandikwa. Hakuna aliyetozwa faini. Kuwasha mota lilikuwa jambo la watu wote, kwa sababu giza lingekuwa la watu wote. Kisha ukaja unga wa pakiti, kinu kikafungwa, reli ikauzwa kwa wanunua vyuma. Safu zile zikazungukwa na maghorofa, na katika maghorofa kila mtu akajifungia na grili yake, na mita yake, na shida yake.

Boya likainuka.

Musau alisikia pampu ikijaribu kuwaka, na papo hapo, mahali fulani juu, mlio mzito wa kitu kingine kikiamka, halafu kingine. Taa ya kizimbani ikageuka nyekundu. Inveta ikapiga kelele moja ndefu, ikakata. Blowa ikazunguka kwa mazoea tu, polepole, polepole, hadi majani ya feni yakaweza kuhesabika.

"Tobias! Toka!"

"Natoka, natoka. Acha kunifokea, mimi si mtoto."

Inveta ikalia tik, ikajaribu yenyewe kurudi. Kila kitu kilichokuwa kimeunganishwa kikataka kuamka pamoja: pampu, blowa, na hivyo visivyoonekana huko juu. Ikaguna, ikakata tena. Musau aliing'oa plagi ya pampu kutoka kwenye soketi. Tik. Ikajaribu mara nyingine. Ikaguna. Ikakata, na safari hii ikabaki kimya.

"Omera, uko?" Tobias aliuliza.

"Niko. Wewe uko wapi?"

"Nilidhani umeenda kutafuta muthokoi."

Musau akainamia shimo. Utani uleule, kwa maneno yaleyale, na ulimi umekuwa mzito.

"Tobias, shika kamba uifuate. Tambaa."

"Tumbo hili..." alisema Tobias, kisha akacheka kicheko kidogo cha mtu anayelala. Hakumaliza.

Musau akavuta kamba. Ikakaza, ikasogea kidogo, ikagoma. Akavuta tena kwa uzito wake wote. Mwili ulikuwa umekwama kwenye kona ya lile tundu, na kamba ilikuwa ikimvuta Tobias ukutani, si kwenye uwazi wa kupitia. Angeweza kuvuta hadi jioni.

"Nini, mzee?" Nerima alikuwa amesimama, kisu mkononi.

"Amelewa rangi. Mpigie Mureithi, mwambie alete ufunguo wa kizimba."

Nerima alipiga, akaweka sauti ya nje. Mureithi alijibu akiwa na honi nyuma yake. Alikuwa Donholm, kwenye msongamano wa Outer Ring. "Nakuja! Kuna shida gani na inveta? Hiyo ni mashine kubwa!"

"Wapangaji wameweka nini juu yake?" Musau aliuliza.

"Balbu, nimekwambia! Balbu na simu!"

Nerima alimtazama Musau, kisha akatazama ghorofa. "Balbu," alisema kwa uchungu. "Kila nyumba ina ekstensheni. Wana friji, mzee. Hata mimi yangu ya soda iko humo."

Hapo ndipo Musau alipofanya jambo ambalo hakuwa amelifikiri. Alichukua nyundo, akauinua mfuniko wa chuma wa tangi ukasimama, akaanza kuugonga. Aligonga jinsi Naftaly alivyogonga: tatu za haraka, kituo, tatu tena. Mlio ukapanda ukutani kati ya maghorofa hadi paani.

Na watu wakaja. Lo, walikuja! Grili zilifunguka, miguu ikashuka ngazi kwa kishindo, vijana wenye rungu, wanaume waliovaa ndara, mtu mmoja na jiwe kila mkono.

"Mwizi yuko wapi?"

"Ameingia tangini! Mmwagieni maji!"

"Hakuna mwizi!" Musau alipaza sauti ikapasuka. "Zimeni friji! Rudini juu, chomoeni friji!"

Walimtazama kama mtu aliyerukwa na akili. Mmoja akacheka. "Mzee, umetutoa ghorofa ya tano kutuambia mambo ya friji?"

Chuma kilichowahi kuamsha safu nzima ya nyumba, leo kilijua kuita watu kwa ajili ya kuua tu.

Kijana wa bodaboda anayeitwa Owen alikuwa amechungulia shimoni na kuona kamba imelegea. "Kuna mtu chini!" alisema, akavua koti. "Niachieni nishuke."

Musau alimzibia njia kwa mwili wake. "Hushuki."

"Mzee, mtu anakufa!"

"Ukishuka bila hewa mtakufa wawili, na wa tatu atashuka kuwatafuta. Unataka kusaidia? Panda juu ung'oe kila plagi unayoiona. Hewa kwanza."

Walisukumana. Owen alikuwa na nguvu kuliko yeye mara tatu, na kama angetaka kupita angepita. Nerima ndiye aliyewatenganisha. Aligeukia umati, kisu cha sukuma bado mkononi, akasema kwa sauti ya mtu anayewadai wote:

"Nyinyi nawajua! Mama Tiffany, una friji. Baba Ken, una friji na pasi. Nyawira wa juu una ile ya kugandisha mtindi. Inveta haiwashi hewa kwa sababu yenu. Chomoeni, halafu mkifika kwenye ngazi mpige kelele mseme mmechomoa. Owen, kimbia nao! Mlango uliofungwa, vunja!"

Wakakimbia. Musau alipiga magoti kando ya shimo. "Tobias! Sema kitu! Tukana!"

Kimya. Kisha kutoka mbali, kitu kama mguno. Kilimtosha.

Alichukua gunia la simenti lililokuwa tupu, akalikunja, akalibandika juu ya mdomo wa blowa unaovuta hewa, akaliziba kabisa. Feni isiyovuta hewa haina kazi ya kufanya. Mota yake huzunguka kwa wepesi, na ile njaa ya kuamka haidumu. Kinu kitupu, bila punje.

"Ghorofa ya kwanza imetoka!" mtu alipiga kelele kutoka juu.

"Ya pili tumetoa! Mbili zote!"

"Ya tatu tayari! Ya nne, tumetoa ya Baba Ken! Kuna moja imefungwa!"

Mlango ukapasuka. "Imetoka!"

Sauti zikashuka ngazi kwa ngazi. Musau hakuwa na nafasi ya kuzisikia vizuri, ila mwili wake ulizisikia. 

"Nerima, chukua mpini wa hii brashi. Upenyeze kwenye vyuma, ubonyeze kile kitufe chekundu cha kuiwasha inveta upya. Nikisema."

"Nikikosea?"

"Bonyeza tena. Sasa!"

Inveta ikalia tik. Blowa ikaguna, taa ya kizimbani ikafifia. Kwa muda mfupi hakuna aliyejua kama itaamka au itakufa. Kisha majani yakaanza kuzunguka, yakapata mwendo, mlio ukapanda ukawa mwembamba. Musau akangoja. Kungoja huko ndiko kulikokuwa kugumu kuliko yote aliyofanya siku hiyo. Mlio ulipotulia, akaanza kulivuta gunia pembeni, kidogo kidogo, kama mtu anayemfungulia maji mtoto. Blowa ikalalamika, ikabeba. Bomba la turubai likavimba.

Alifunga kamba ya pili kiunoni mwake, akaiweka ncha mikononi mwa Owen aliyekuwa amerudi akihema. "Ngoja hewa ijae kwanza. Halafu nashuka mimi. Najua hilo tundu." Akamgeukia Nerima. "Wewe utakaa hapa. Nitasema, utajibu. Nikinyamaza, usiniulize. Mwambie avute."

"Niseme nini?"

"Chochote. Nitukane."

Alivuta bomba akaenda nalo hadi ndani kabisa, akitembea nalo mbele yake, uso juu ya mdomo wa hewa. Harufu bado ilichoma. Chini maji yalikuwa yamefika vifundoni.

"Uko, mzee mbishi?" Nerima aliita.

"Niko! Nimefika ukutani."

"Kwa nini ulikubali kazi ya huyu Mureithi, bahili huyu?"

"Njaa!"

"Njaa yako itaniua mimi kwa presha!"

Tobias alikuwa amelala kifudifudi, kichwa kimeegemea tundu, pua ikiwa juu ya maji kwa upana wa vidole tu. Musau alijipenyeza kando yake hadi chumba cha ndani, akamgeuza, akamwekea bomba usoni. Alianza kumsukuma mabega ili yapite tunduni. Mwili ule mkubwa ulikuwa mzito kama gunia lililolowa.

Hapo mlio wa blowa ukashuka.

Ulishuka kutoka mwembamba hadi mnene, na turubai likalegea mkononi mwake. Huko juu mtu alikuwa amerudisha plagi. Musau aliganda. Alijua kilichokuwa kikitokea: mota moja inaamka na kula kutoka sahani ya nyingine. Kama inveta ingekata sasa, wangekuwa wawili.

"Nani?" alisikia Nerima akipiga mayowe. "Nani huyo? Nyawira! Nyawira, mtindi wako na uhai wa mtu, kipi zaidi?"

Mlio ukakwama hapo chini, ukitetemeka. Kisha ukapanda. Blowa, kwa kuwa ilikuwa tayari inazunguka, ilikuwa imevumilia. Ingekuwa bado inaamka, isingevumilia. Turubai likavimba tena.

"Mzee! Uko?"

Alitaka kujibu. Harufu ya rangi ikamkohoza. Alisikia kamba ikianza kukaza kiunoni.

"Niko!" alipasua sauti. "Usivute bado! Tukana!"

"Mjinga wewe, Mkamba wewe, mzee usiyejua kukaa na wajukuu zako!"

Alimsukuma Tobias kwa mabega yake mwenyewe hadi akapita tunduni. Akaifungua kamba iliyomkwamisha, akaifunga upya chini ya makwapa. "Vuta!" Na wale waliokuja kuua mwizi walishika kamba pamoja, wenye rungu na wenye ndara, wakamtoa Tobias kwenye mwanga kama mzigo wa kisima.

Walimlaza kando ya mboga. Alikuwa wa kijivu midomoni. Musau alipotoka alimgeuza ubavu, akampiga mgongoni, akamwita. Alimwita sana. Watu walianza kunong'ona. Hatimaye Tobias alikohoa, akatapika, akavuta pumzi ndefu iliyosikika hadi langoni, akafungua macho.

Alitazama anga kwa muda. Alitazama umati. Kisha akamtafuta Musau.

"Nimesikia mwanamke," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nani alikuwa anajibu?"

"Nerima. Wa mboga."

"Anajua kujibu?"

"Amejua leo."

Tobias alifumba macho tena, akaendelea kuvuta hewa. Owen alienda kutafuta gari la kumpeleka hospitali.

Nyawira alishuka, akasimama mbali, mikono imekunjwa, uso umemvimba. "Sikujua mtu bado anaihitaji hewa," alisema. "Niliona taa imerudi, nikadhani mmemaliza."  Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Sasa tunaweza kuwasha?"

Musau alikuwa ameketi chini, amemshika Tobias mkono. Alitaka kumwambia maneno makali. Alikuwa nayo mengi, ya miaka. Lakini alizima blowa, akasema, "Moja moja. Ya kwanza iwake, ikitulia mwambie wa pili."

Wakapanda. Na kwa muda ambao chai ingechemka, ghorofa lile la Tassia likasikika likiitana kwenye ngazi: "Yangu imeshika!" "Haya, washa yako!" "Ngoja, bado inanguruma!" "Imetulia, ya tatu!"

Musau alisikiliza hadi sauti ya mwisho. Hakujidanganya. Stima ingerudi jioni, grili zingefungwa, na kesho kila mtu angewasha chake bila kumwita mwenzake. Aliokota nyundo, akairudisha kwenye gunia.

"Omera," Tobias alisema bila kufungua macho. "Uko?"

"Niko," alijibu Musau.